Kitu Kidogo Nilichokipenda Maonyeshoni, na Namna ya Kukifunga

Karibuni. Mfuko huu mdogo ndio mzigo wote niliorudi nao kutoka maonyesho ya biashara ya baiskeli. Siku mbili nimezunguka mabanda, nimepita chini ya fremu za kaboni zilizotundikwa darini, nimebonyeza kila kinachobonyezeka, na mwisho kilichonikaa moyoni ni kitu kisichozidi kidole cha mtoto. Valvu. Ndiyo, valvu ya kujazia upepo. Kabla hujaifunga video, nivumilie kidogo nikueleze sababu, kisha tukunje mikono tuifunge pamoja kwenye gurudumu hili la inchi 29, bila tyubu, yaani upepo ukae ndani ya tairi na rimu zenyewe, mwanzo hadi mwisho.

Nianze na vilivyokaribia kuishinda. Kimoja ni tairi la radiali. Tairi la kawaida la baiskeli limefumwa kwa nyuzi zinazokatizana kimshazari, kama mkeka. La radiali nyuzi zake zimelazwa zikielekea zaidi kukingama, kutoka ukingo mmoja hadi mwingine. Magari yana matairi ya namna hii tangu Michelin walipoyatoa miaka ya 1940, lakini kwenye baiskeli za milimani ni juzi tu, mwaka 2024, watengenezaji wa matairi Schwalbe walipoleta tairi lao Albert. Ukilibonyeza kwa kidole linazama laini, na hiyo ndiyo faida yake: linajilaza juu ya jiwe badala ya kudunda. Nimelipenda. Ila tairi huisha, na aliye na tairi zima nyumbani hana haraka.

Kingine ni habari ya kibadilisha gia cha nyuma. Unakumbuka kile kipande kidogo cha aluminiamu kinachokishikilia kwenye fremu, kile kinachopinda ukianguka upande wa kulia? Kila mtengenezaji alikuwa na chake, na ukikivunja safarini ndiyo umekwama, maana cha rafiki yako hakikuingii. Mwaka 2019 SRAM, watengenezaji wa vifaa vya gia, wakatoa kipande kimoja cha kutumiwa na fremu zote, wakawaachia watengenezaji wengine wakitumie pia. Mwaka 2023 wakaenda mbali zaidi: kibadilisha gia kinafungwa moja kwa moja kwenye fremu, kipande hakipo tena. Maonyeshoni sasa unaweza kupita banda hadi banda ukakuta tundu ni lile lile. Mimi hilo limenifurahisha kuliko rangi zote za fremu. Lakini ni jambo la anayenunua baiskeli mpya, na leo tunashughulika na baiskeli uliyonayo.

Haya, valvu. Sogea karibu uone. Mkono wa kushoto nina ile nyembamba ya kawaida, yenye kinati kidogo cha kulegeza kabla ya kujaza. Asili yake ni Ufaransa, mwishoni mwa karne ya 19, na wembamba wake ulifaa rimu nyembamba za baiskeli za barabarani: tundu lake kwenye rimu ni milimita 6 tu, wakati ile ya aina ya gari huhitaji milimita 8. Sasa rimu ya mlimani ina upana wa milimita 30 kwa ndani, tairi ni nene kama mkono, na bado tunapuliza upepo kupitia kijitundu cha zama zile. Ukitia na utomvu wa kuzibia, ule wa majimaji unaoziba pancha kwa ndani, kijitundu kinaganda. Mimi imeniganda chini ya mlima, wenzangu wakiwa wameshapanda kona ya kwanza. Nikapiga pampu mpaka mkono ukafa ganzi, sindano ya geji haitikisiki.

Mkono wa kulia ndiyo hii mpya, Clik Valve, nayo ni ya Schwalbe, ya mwaka 2024. Hakuna kinati cha kulegeza. Kichwa cha pampu unakisukuma tu, kinaingia kwa mlio, ta!, kimeshika. Ukimaliza unakivuta. Na kilichonifanya niichukue ni hiki: huhitaji kununua valvu nzima. Unafungua kiini cha valvu yako nyembamba, kile kipande cha ndani kinachofungua na kufunga upepo, unakaza hiki mahali pake. Kwa pampu kuna kichwa kidogo cha kuongezea. Wapo wengine waliotatua shida hiyo hiyo kwa njia nyingine, kama kampuni ya Reserve na valvu yao ya Fillmore, ambayo haina kiini kabisa na mlango wake uko chini, ndani ya rimu. Ile ni nzuri pia, lakini lazima ubadilishe valvu yote.

Basi tuanze kazi. Andaa utepe wa rimu, valvu, kichupa cha utomvu, sindano kubwa ya plastiki, maji ya sabuni, spiriti, kitambaa na pampu ndefu ya kusimamia. Kabla ya yote soma ubavu wa tairi na rimu uhakikishe vimetengenezwa kwa matumizi ya bila tyubu. Tairi la zamani lisilo la aina hiyo linaweza kushika leo, kesho likachomoka kwenye rimu ukiwa kwenye mteremko. Hapo usibahatishe.

Toa upepo wote. Shika tairi kwa mikono miwili, lisukume literemke kwenye mfereji wa katikati ya rimu, zunguka hivyo pande zote. Ukifanya hivi tairi linapata ulegevu na mara nyingi linatoka kwa mikono mitupu. Kama halitaki, tumia leva za plastiki. Tafadhali weka bisibisi mbali. Toa tyubu, na ule ukanda wa mpira uliokuwa chini yake pia.

Sasa hatua ambayo watu wanaipuuza, halafu wanakuja kulalamika tairi linalala usiku. Safisha rimu. Paka spiriti kwenye kitambaa, futa mzunguko mzima, halafu futa tena, na acha ikauke kabisa. Utepe haushiki juu ya mafuta wala vumbi, hata uwe wa gharama gani.

Upana wa utepe: uzidi kidogo upana wa ndani wa rimu, milimita 2 hadi 5 hivi, ili ufunike kutoka bega hadi bega, yaani zile kingo mbili za ndani tairi linapokalia, lakini usipande ukutani. Anza sentimita chache pembeni ya tundu la valvu. Bandika ncha, kisha vuta. Vuta kweli kweli, uone utepe unabadilika rangi kidogo kwa kukazika. Mimi naweka gurudumu kati ya magoti, mkono mmoja unavuta, kidole gumba cha mwingine kinafuata nyuma kikikandamiza. Ukifika ulipoanzia, pitiliza tundu la valvu ili pale pawe na tabaka mbili, ndipo ukate. Kisha chukua kitambaa, kandamiza mzunguko mzima tena. Ukiona kiputo cha hewa kimebaki chini ya utepe, kisukume kitoke pembeni. Kikigoma, bandua uanze upya. Utepe wa dakika tano usikuharibie wiki nzima.

Tundu la valvu sasa. Zamani nilikuwa nachana msalaba kwa kisu. Angalia kinachotokea, nimekata hapa kwenye kipande cha mfano: ukivuta kidogo tu, mchano unakimbia, na upepo utapita humo humo kwenda kwenye matundu ya spoku. Siku moja nilitafuta pancha saa nzima kwenye tairi jipya kabisa, kumbe upepo ulikuwa unatokea kwenye spoku. Tangu siku hiyo natumia msumari uliopashwa moto. Ushike kwa koleo, choma kutokea ndani, katikati kabisa ya tundu. Kingo zinayeyuka na kuwa duara safi lisilochanika.

Pitisha valvu. Mpira wake wa chini ukae vizuri kwenye mfereji. Kuna ya duara na ya mstatili, chagua inayolingana na rimu yako. Kaza nati ya nje kwa vidole. Koleo hapana, kwa sababu mbili: utaukata mpira, na siku ya pancha ukiwa porini itabidi uifungue kwa vidole hivyo hivyo ili uweke tyubu.

Tuvishe tairi. Tafuta mshale wa mwelekeo ubavuni, usije ukamaliza kazi ndipo ugundue tairi linarudi nyuma. Ingiza mdomo mmoja, yaani ukingo wa tairi unaokaa ndani ya rimu, wote kwanza. Mdomo wa pili anzia upande wa pili wa valvu, malizia kwenye valvu. Sababu ni kwamba pale kwenye valvu mfereji umeshajaa mpira, midomo ya tairi haiwezi kuzama. Kwingine kote inazama na kukupa ulegevu unaohitaji mwishoni.

Paka maji ya sabuni kwenye midomo yote miwili. Usiwe bahili, povu lionekane. Kiini cha valvu kiwe kimetolewa, njia iwe wazi kabisa, kisha pampu. Mipigo ya kwanza iwe ya haraka, mfululizo, bila kupumzika, maana unashindana na upepo unaovuja pembeni. Sikiliza... pa! Umesikia? Na tena... pa, pa! Hiyo ni midomo inapanda kwenye mabega ya rimu. Mlio huo unashtua mara ya kwanza, lakini ndio tunaoutaka. Usivuke kiwango cha upepo kilichoandikwa kwenye tairi au kwenye rimu. Vikitofautiana, fuata kilicho kidogo.

Likikataa kushika hata kidogo, usitupe pampu. Rudisha tyubu ndani, jaza, acha midomo yote ikae. Halafu fungua upande mmoja tu utoe tyubu. Sasa mdomo mmoja umeshakaa, na una vita upande mmoja badala ya miwili.

Zungusha gurudumu utazame ule mstari mwembamba ubavuni, karibu na rimu. Uwe umbali ule ule kutoka rimu mzunguko mzima. Ukizama mahali, tairi bado halijakaa; ongeza sabuni pale na upepo kidogo.

Sasa toa kichwa cha pampu uache upepo utoke. Tairi litabaki limekaa. Tikisa kichupa cha utomvu kama unayepiga kayamba, kwa sababu chembe zinazoziba matundu zimelala chini. Vuta mililita 100 hadi 120 kwa tairi la ukubwa huu. Weka valvu sehemu ya chini lakini pembeni kidogo, isiwe chini kabisa, usije ukaukuta utomvu unakurudia. Sukuma taratibu. Futa njia ya valvu kwa kitambaa, na ndipo sasa kile kiini kipya kinaingia. Kaza kwa kifunguo chake kidogo, imara bila kutumia nguvu za ziada. Sukuma kichwa cha pampu... ta! Umeisikia? Jaza.

Shika gurudumu, lizungushe, kisha lilaze ubavu mmoja juu ya ndoo kwa dakika chache, geuza ubavu wa pili. Ukiona vitone vyeupe vinatoka kwenye kuta za tairi, usiogope, ni utomvu unafanya kazi yake. Pita na maji ya sabuni kuzunguka rimu, kwenye valvu na kwenye spoku. Mapovu yakikua kwenye mdomo wa tairi, egemeza upande huo chini utomvu ufike. Yakikua kwenye spoku, utepe una kasoro, na hakuna njia ya mkato: fungua, kausha, bandika mwingine.

Baada ya hapo lirudishe kwenye baiskeli ukaendeshe kilomita chache, hata barabarani tu, utomvu utandae.

Kuhusu kiasi cha upepo, kwa mtu wa kilo 75 hivi na tairi la upana wa inchi 2.4, mimi naanzia psi (kipimo cha shinikizo la upepo) 21 mbele na 24 nyuma. Mzito aongeze, mwepesi apunguze, na ukisikia rimu inagonga mawe ongeza psi moja moja. Geji iwe ya kuaminika, maana kwenye viwango hivi psi mbili unazihisi mikononi.

Utomvu hukauka. Kila baada ya miezi miwili au mitatu, na mapema zaidi kwenye joto, tikisa gurudumu karibu na sikio. Husikii kitu kikicheza ndani? Toa kiini, ongeza nusu ya kile ulichotia leo. Kile kiini cha zamani usikitupe. Mimi nimekifunga kwa utepe chini ya kiti, hapa, unaona, pamoja na vijiti vya kuzibia pancha. Nikikwama porini na mwenye pampu isiyoshika kiini hiki kipya, nitakirudisha nijaze upepo niende zangu.

Gurudumu la nyuma bado linanisubiri pale ukutani, na msumari umeshapoa. Ngoja niupashe tena.