Gesi Tunayo, Je, Hewa? Kituo cha Data Mtwara

SOMOE: Karibuni, kuanzia Shangani na Ligula mpaka Lindi mjini. Kaka Hamisi, watu wanauliza: gesi tunayo, mbona vituo vya data, yaani majengo ya seva, kompyuta zinazohudumia nyingine, vinajengwa Dar?

HAMISI: Nyaya za intaneti za baharini zinatua Dar, dada Somoe. SEACOM ilifika 2009, EASSy 2010, na wateja wakubwa wakajikusanya hapo. Gesi nayo haimleti mteja huku, maana tangu 2015 bomba linaipeleka hukohuko Dar.

SOMOE: Basi sisi tunajenga kwa faida gani? Kasi?

HAMISI: Kasi si hoja. Mwanga ndani ya faiba, uzi wa kioo unaobeba data, hutumia kama maikrosekunde 5 kwa kilomita. Mtwara hadi Dar ni kilomita 560 hivi, kwa hiyo kwenda na kurudi ni milisekunde 5 au 6 tu. Hoja ni huduma isikatike. Mei 2024 kimbunga Hidaya kilikata barabara ya Lindi na Dar, na tarehe 12 mwezi huohuo EASSy na SEACOM zikakatika, intaneti ya nchi nzima ikasuasua. Rekodi za hospitali na za stakabadhi ghalani zinafaa ziwe na nakala hapa hapa, inayofanya kazi hata njia ya Dar ikifa.

SOMOE: Na hapo watu hujidanganya. Seva ipo jirani, lakini ukurasa wa kuingilia unathibitisha nenosiri kwenye seva ya nje, au DNS, kitabu cha anwani za mtandao, iko nje. Waya wa baharini ukikatika, mfumo wa ndani nao unaganda. Jaribio ni rahisi: chomoa njia ya nje saa moja, uone kinachobaki hai.

HAMISI: Tena faiba ziwe mbili, za njia tofauti kweli: moja ya pwani kupitia Kilwa, nyingine ya bara kupitia Masasi, Tunduru na Songea. Kampuni mbili zikipita mtaro mmoja, katapila moja linazimaliza zote.

SOMOE: Tuhesabu ukubwa. Tuseme raki 10, yaani makabati ya seva, kila moja kilowati 5.

HAMISI: Hizo ni kilowati 50 za mashine. Ongeza upoozaji na upotevu kwenye UPS, mtambo wa betri unaoshika umeme unapokatika. Kila kilowati 1 ya mashine ikivuta jumla 1.6, mzigo ni kilowati 80, yaani uniti 57,600 kwa mwezi wa siku 30. Ukishuka hadi 1.4, umeokoa uniti 7,200 kila mwezi. Kazi yenyewe si ngumu: ziba matundu ya sakafu, weka vibao kwenye nafasi tupu za raki, tenga njia ya hewa baridi na ya moto. Na acha kupooza chumba hadi nyuzi 18. Seva zinakubali hewa ya nyuzi 27 inapoingia mbele.

SOMOE: Kwa pwani yetu mimi naiogopa hewa yenyewe kuliko joto.

HAMISI: Ndiyo, na hapa tusiharakishe. Nje kukiwa nyuzi 30 na unyevu asilimia 80, hewa hiyo inaanza kutoa maji ikigusa kitu chenye nyuzi 26. Fungua mlango wa chumba cha nyuzi 22, utaona matone kwenye chuma cha raki. Maji hayo yakikutana na chumvi, miguu ya shaba ya kadi za ndani ya seva inaanza kuota ukijani. Seva haifi siku hiyo. Inaanza kukosea kumbukumbu, inajiwasha upya, na fundi anailaumu programu.

SOMOE: Kwa hiyo milango miwili, wa pili usifunguke kabla ya wa kwanza kufungwa.

HAMISI: Na hewa mpya iingie kidogo tu, ikishachujwa na kukaushwa, kiasi cha kufanya presha ya ndani izidi ya nje. Ule mtindo wa nchi za baridi wa kupooza kwa hewa ya nje, hapa ni kununua kutu.

SOMOE: Umeme?

HAMISI: Injini ya gesi hula takriban mita za ujazo 250 kwa megawati-saa, lakini huupokea mzigo polepole. Kwa hiyo UPS na jenereta ya dizeli havikwepeki. Betri za risasi ziwe na chumba chenye nyuzi 25, kwa sababu kila nyuzi 10 za ziada hupunguza umri wake nusu.

SOMOE: Dizeli nayo?

HAMISI: Tangi lisikae nusu. Hewa yenye unyevu hutoa maji ndani, maji yanakaa chini, vijidudu vinaota utelezi mweusi, filta inaziba siku umeme unapokatika. Fungua koki ya chini umwage maji kila mwezi, kisha endesha jenereta dakika 30 ikiwa na mzigo wa angalau asilimia 30. Ikizunguka bila mzigo, mafuta yasiyoungua yanajaa kwenye ekzosi.

SOMOE: Mtu anayetaka kuanza leo, ashike nini kwanza?

HAMISI: Asinunue raki bado. Atundike vibao vidogo vya shaba na fedha ndani ya jengo kwa siku 30, avipeleke maabara. Tabaka la kutu kwenye shaba lisifike angstrom 300 kwa mwezi (angstrom moja ni sehemu moja ya milioni kumi ya milimita), kwenye fedha lisifike 200. Arudie msimu wa kusi na wa kaskazi, maana upepo ukigeuka, chumvi nayo inabadilika. Likizidi, abadilishe filta au ahame kiwanja.