Kidonge cha kuzuia mafuta na sahani ya ugali

Ndaga fijo, mama mwenyekiti. Wazee wangu shikamooni, na wengine habari za shughuli. Mimi ni mfamasia, na nimeitwa hapa Mwanjelwa, Mbeya, kuzungumzia vidonge vya kupunguza unene ambavyo wengi mnaviulizia.

Dawa yenyewe inaitwa orlistati. Ile ya miligramu 60 iliruhusiwa Marekani kuuzwa bila cheti cha daktari mwaka 2007. Ukila mafuta, kongosho hutoa kimeng'enya kiitwacho lipasi, kinachoyavunjavunja yaingie mwilini. Orlistati hukizuia kimeng'enya hicho, na karibu robo ya mafuta uliyokula hutoka na choo. Haiyeyushi kitambi, na wanga na sukari haivigusi kabisa.

Sasa tuitazame sahani yetu. Ugali, viazi vya Uyole, ndizi za Tukuyu, wali wa Kyela: wanga mtupu. Mboga umeiunga kwa alizeti, tuseme gramu 20 zimeingia kwenye sahani yako. Robo yake ni gramu 5, na kila gramu ya mafuta ina kalori 9. Umepunguza kalori 45. Halafu unashushia chai ya vijiko vitatu vya sukari: kalori 48. Hela ya kidonge imekwenda, na ulichopunguza kimerudi chote kwa kikombe kimoja.

Kuna atakayesema, "Mimi nakula chipsi mayai kila siku, basi kitanifaa." Mama yangu, mafuta hayo yakizuiwa yatatokea kwa chini. Hewa inatoka na nguo inaloa mafuta ya rangi ya chungwa. Haja inakubana ghafla ukiwa kwenye daladala, na wengine hushindwa kuizuia.

Linaloniumiza zaidi ni hili. Utafiti wa kitaifa wa 2022–2023 ulionyesha kuwa Njombe, Iringa na Mbeya ndiyo mikoa yenye kiwango kikubwa zaidi cha VVU nchini. Orlistati inaweza kupunguza ARV zinazoingia kwenye damu, na virusi vikapanda tena. Nawasihi, anayemeza ARV asiiguse kabla hajaongea na kliniki yake. Vivyo hivyo kwa wenye dawa za kifafa, za tezi ya shingo na za kuzuia damu kuganda. Mjamzito na anayenyonyesha waiache kabisa.

Na mnaonunua kwa watu wa mtandaoni, jihadharini. Mwaka 2010 Marekani ilitoa tahadhari juu ya vidonge bandia vya Alli, jina la kibiashara la orlistati ya miligramu 60, vilivyokuwa na sibutramini, dawa iliyoondolewa sokoni mwaka huohuo kwa sababu ya hatari ya mshtuko wa moyo na kiharusi.

Yupo inayemsaidia: mwenye unene wa kweli, aliyepunguza chakula na anayetembea. Huyo hupungua kilo chache zaidi ya zile anazopunguza mwenyewe, na ameze vitamini usiku wakati wa kulala, maana A, D, E na K hupotea pamoja na mafuta.

Nitabaki hapa na mzani na mashine ya presha. Mwenye vidonge avilete na boksi lake tulisome pamoja.