Dawa Ileile, Saa Tofauti

Mnaniona vizuri? Haya, karibuni tena ndugu zangu wa nyumbani. Leo siko chumbani, niko maabara, na mkisikia nanong'ona ni kwa sababu mwenzangu wa meza ya pili hapendi kelele asubuhi. Saa hizi huku ni saa moja na dakika arobaini. Tuna dakika ishirini tu. Ile saa ya mezani ikilia, nawaacha.

Kwenye video iliyopita swali lilikuwa moja, limerudiwa na kila mtu: wewe ulisema umekwenda kusoma kemia, hao samaki wametoka wapi?

Ngoja nisogeze kamera kwenye hadubini. Mnakiona hicho kijitu kilichojikunja juu ya kiini cha yai? Hicho ni kiinitete, yaani samaki anayeanza kuumbika ndani ya yai, na huyu ni wa samaki pundamilia, kisamaki kidogo chenye milia. Jana asubuhi saa mbili hakikuwapo. Usiku wa kuamkia jana niliweka dume na jike kwenye tanki moja, katikati nikaweka kizuizi, taa zilipowaka nikakiondoa, wakataga. Yai halifiki hata milimita moja. Baada ya dakika 45 hivi seli ile moja ikawa mbili, na leo, kwenye joto la nyuzi 28.5, ana kichwa, ana macho, ana mkia, na moyo ndio unaanza kudunda. Tazameni hapo. Yote haya yanatokea nje ya mama, na ngozi yake ni angavu kama kioo. Nimeona mara mia kadhaa, bado sijazoea.

Sasa kemia inaingia hapa. Ukitaka kujua jeni fulani inafanya kazi gani unaweza kuiharibu, lakini ukishaiharibu imeharibika tangu mwanzo. Molekuli, yaani kemikali kama dawa, ni kitu kingine. Naitia kwenye maji saa ninayotaka, naiosha saa ninayotaka. Mimi kazi yangu hasa ni hiyo: kuamua saa.

Mfano ninaoupenda kuliko yote unatoka kwa kondoo. Miaka ya 1950, huko Idaho, Marekani, wafugaji walikuwa wanazalishiwa wanakondoo wenye jicho moja katikati ya uso. Wataalamu wa wizara ya kilimo wakafuatilia kwa miaka hadi wakaufikia mmea wa porini, Veratrum californicum. Kondoo akiula siku ya 14 ya mimba, balaa. Akiula baadaye, jicho moja halitokei. Kemikali yenyewe ikaitwa saiklopamini, kwa jina la lile jitu la jicho moja la hadithi za Wagiriki. Ikaja kujulikana kwamba inaziba protini moja inayopitisha ujumbe wa kuigawanya sehemu ya mbele ya kichwa iwe pande mbili. Ujumbe huohuo, ukiwaka ovyo kwa mtu mzima, unaleta aina moja ya saratani ya ngozi, na mwaka 2012 Marekani iliidhinisha dawa, vismodegibu, inayoziba mlango uleule. Mtu angeniambia nitafute tiba ya saratani kwa kondoo wa jicho moja, ningemcheka.

Kwa hawa wangu, misuli ya mgongoni hujipanga vipande vipande vyenye umbo la V, kama mishale imelaliana. Nikitia saiklopamini saa chache baada ya yai kurutubishwa, vile vipande vinatoka na umbo la U. Nikitia kesho yake, V zinabaki V. Dawa ileile, kipimo kilekile.

Na msidhani huwa inakwenda vizuri. Molekuli hii haipendi maji, lazima uiyeyushe kwanza kwenye kiyeyushi. Miezi michache nyuma nilipata viinitete vyenye mikia iliyopinda na mioyo iliyovimba, nikaruka kwa furaha, nikapiga picha, nikawaonyesha watu. Wiki tatu nikijiona bingwa. Siku moja mwenzangu akauliza kwa upole, sahani yenye kiyeyushi peke yake iko wapi? Sikuwa nayo! Nilipoiandaa, mikia ikapinda vilevile. Kiyeyushi hakitakiwi kuzidi asilimia 1, mimi nilikosea hesabu nikatia mara nne yake. Picha zile nimezifuta. Nyingine mama yangu anazo kwenye simu, bado anawaonyesha majirani.

Dada mmoja alinitumia sauti akauliza, haya mambo ya samaki yanamhusu nini mjamzito? Yanamhusu. Thalidomaidi ilianza kuuzwa Ujerumani Magharibi mwaka 1957, ya usingizi, na wajawazito wakaimeza kutuliza kichefuchefu. Duniani, watoto zaidi ya 10,000 wakazaliwa na viungo vyenye kasoro, wengi mikono mifupi au bila mikono, hadi dawa ikaondolewa sokoni huko Novemba 1961. Hatari ilikuwa kwenye dirisha dogo, takriban siku ya 20 hadi ya 36 tangu mimba kutungwa, na kidonge kimoja kiliweza kutosha. Jinsi dawa ile ilivyofanya hayo haikueleweka kwa karibu miaka 50. Mwaka 2010 Hiroshi Handa na wenzake, Japani, waliigandisha dawa kwenye shanga ndogo mno, wakazichovya kwenye majimaji ya seli kama mtu anayevua kwa ndoano, wakaona protini gani imenasa. Ikanasa moja, serebloni. Kisha wakahakikisha kwa nani? Kwa samaki pundamilia. Walipotiwa dawa, mapezi yao yalidumaa, kama mikono ya wale watoto.

Kwa hiyo dada uliyeniuliza, mimi siwezi kukuambia umeze nini, hilo muulize daktari wako, tena kabla hujameza...

Eeh, inalia. Saa 24 kamili, natakiwa kuosha dawa sasa hivi, sahani nne zinanisubiri na mikono ni miwili. Nazima kamera.