Mkanda wa Umeme na Wenye Mawazo

CHANDE: Da Somoe, jana nilimwambia mama mdogo kuwa leo tunaongelea kutibu sonona, ile huzuni nzito isiyoondoka, kwa umeme. Amekalia mbuzi anakuna nazi, mkono ukagandia kifuuni. "Kwani hao wagonjwa wamekosa nini mpaka wapigwe shoti?"

SOMOE: (anacheka) Simlaumu. Kuna ile ya hospitalini, iliyoanzia Roma mwaka 1938. Ipo mpaka sasa, mgonjwa huchomwa kwanza dawa ya usingizi, na inawasaidia waliozidiwa sana. Leo siyo hiyo. Leo ni mkanda wa kuvaa kichwani, umekaa zako barazani.

CHANDE: Mkanda tu?

SOMOE: Una vibati viwili vya kukaa pajini, vina sponji zilizolowa maji ya chumvi ili umeme upite vizuri kwenye ngozi. Nusu saa, unavua. Umeme wenyewe miliampia 2. Chaja ya simu yako inaweza kutoa ampia 2 nzima, yaani mara 1,000 ya hizo.

CHANDE: Sasa kitu kidogo hivyo kinafanya nini?

SOMOE: Kwa baadhi ya wenye sonona, ubongo wa mbele upande wa kushoto unakuwa kama umepoa. Umeme huu hauulazimishi, unauchangamsha tu kidogo. Mwenyewe unahisi sisimizi wanatembea pajini. Wengine ngozi inawawasha, wengine kichwa kinagonga.

CHANDE: Umenikumbusha taa.

SOMOE: Ya ukutani?

CHANDE: Taa samaki! Marehemu babu alikuwa anavua Mikindani. Kuna yule wa mviringo, ukimshika anakupiga shoti, ganzi mpaka begani. Babu alikuwa anamsukuma kwa kasia.

SOMOE: Basi karne ya kwanza huko, tabibu wa Roma, Scribonius Largus, aliandika kuwa mwenye maumivu sugu ya kichwa awekewe samaki wa aina hiyo, akiwa hai, palepale panapouma, mpaka pafe ganzi.

CHANDE: Babu angeruka dirishani. Haya, huo mkanda unaponya?

SOMOE: Majibu hayajakaa pamoja. Mwaka 2024 ulitoka utafiti wa watu 174 wa Uingereza na Marekani, walivaa wakiwa nyumbani kwa wiki 10. Waliopata umeme kweli, kama 45 katika kila 100 dalili ziliwaondoka. Waliovaa mkanda wa geresha, unaowasha kidogo mwanzoni kisha unajizima kimyakimya, kama 22. Lakini mwaka 2023 kule Ujerumani, kwa wagonjwa 160 ambao tayari walikuwa kwenye dawa, tofauti haikuonekana.

CHANDE: Ngoja. Hao 22 wamepata nafuu kwa mkanda uliozimwa?

SOMOE: Hapo ndipo huwa nasimama. Wale watu walikuwa wanapigiwa simu za video, wanaulizwa wamelalaje, wanakulaje; huenda hilo nalo liliwasaidia. Huku kwetu nani anaulizwa? Korosho zimekuharibikia, hulali, huli, watu wanasema "ana mawazo", wanapita.

CHANDE: Na mhudumu wa afya wa jamii akija, ni chandarua na kliniki ya mtoto.

SOMOE: Aongeze moja tu: "Usingizi unapata, mama?" Halafu anyamaze, asubiri. Akisikia mtu amechoka kuishi, siku hiyohiyo wanaongozana kituo cha afya, hata ikibidi rufaa hospitali ya Ligula. Mkanda siku ukifika Mtwara, utamkuta mtu ameshazoea kuulizwa.

CHANDE: Kuna msikilizaji Lindi anauliza, betri ya bodaboda haifai?

SOMOE: Weee! Isisogee kichwa cha mtu. Kifaa cha kweli kinaubana umeme usizidi hata chembe. Betri haina adabu hiyo. Hata hicho cha kweli, mwenye kifafa au mashine ya moyo amwone daktari kwanza. Na aliye kwenye dawa asizitupe.

CHANDE: Mama mdogo naye ametuma ujumbe sasa hivi. Sponji yenyewe ni ile ya kuoshea masufuria?

SOMOE: Mwambie amalizie nazi yake.