Vyeo vya Star Trek: Nani Anampigia Nani Saluti?

Asanteni jamani, naona wa nyuma bado wanatafuta viti, basi sisi tuanze tu. Leo naongelea vyeo kwenye Star Trek, ile familia ya tamthilia za Kimarekani za meli za anga za mbali, na nataka tulichukulie kwa uzito, maana cheo kwenye hadithi ya jeshi ndo kinakwambia nani anatoa amri na nani anatii, kikiyumba hicho hata ugomvi wa wahusika unakosa mashiko.

Tuanze na Spock, msaidizi wa nahodha kwenye ile tamthilia ya kwanza. Mwaka 1967 kuna ile episodi nahodha wake Kirk anashtakiwa mahakama ya kijeshi, Spock anapanda kizimbani, kompyuta inasoma rekodi yake ya utumishi inasema luteni kamanda, sasa mtazame mkononi, amevaa mistari miwili kamili, hiyo ni ya kamanda, cheo cha juu zaidi. Na hapo ni mahakamani, rekodi inasomwa mbele ya majaji wa kijeshi, hakuna anayeshtuka!

Tuvok, ofisa wa usalama kwenye tamthilia ya Voyager, naye hivyo hivyo. 1995 anaitwa luteni huku kola yake ina vidoti vya luteni kamanda, baadaye kimyakimya wakampunguzia, halafu 1997 wakampandisha rasmi na sherehe juu, kwenda kwenye cheo ambacho tayari tulishamwona nacho.

Lakini wa kwangu mimi ni Miles O'Brien wa The Next Generation. Anaanza 1987 yuko kwenye usukani, hana hata jina, mwaka unaofuata yupo chumba cha kusafirisha watu, kola ina vidoti viwili vya dhahabu na Riker, msaidizi wa nahodha, anamwita luteni, sawa, ni ofisa. Inafika 1990, baba mlezi wa Worf, ofisa mmoja wa meli hiyo, anapanda melini, mzee aliyestaafu uchifu, yaani wale askari wazoefu wasio maofisa, nchi kavu ungewaweka na masajenti wakubwa, anamsalimia O'Brien kama chifu mwenzake. Na vile vidoti vya luteni bado viko pale shingoni jamani.

Chanzo nakiona kwa Gene Roddenberry mwenyewe, aliyeibuni Star Trek. Alikuwa rubani wa mabomu vita vya pili vya dunia, jeshi analijua, ila meli yake aliitaka iwe ya maofisa watupu, kila mtu kasoma, kila mtu mwanaanga. Ni wazo zuri ila halikuacha nafasi ya fundi aliyepanda kwa mikono yake. Ronald D. Moore, aliyeandika ile episodi ya 1990, akamtengenezea nafasi hiyo, na kuanzia hapo O'Brien ndo akawa mtu, ana mke, ana mtoto, amepigana na Wacardassia, maadui wa sayari nyingine, kwenye tamthilia iliyofuata mitambo ya kituo kizima cha anga cha Deep Space Nine iko mikononi mwake, halafu kijana Nog, mwanafunzi wa chuo cha maofisa, akipewa tu uofisa katikati ya vita O'Brien anatakiwa kumwita afande. Hapo unaona kabisa cheo kinafanya kazi kwenye stori.

Kuna wanaosema acheni hizo, ni makosa ya mavazi. Ya Spock nakubali, ya Tuvok pia. Ila Harry Kim, ofisa kijana wa Voyager, hapana, hilo siwasamehei waandishi. Kuanzia 1995 mpaka 2001 kijana yuleyule, kidoti kilekile kimoja, cheo cha chini kabisa cha ofisa, wakati Tom Paris, rubani wa meli hiyohiyo, alishushwa 1998 kwa kuvunja amri na 2000 akarudishiwa cheo chake. Mtu akikwambia meli imepotea mbali hakuna makao makuu ya kupandisha watu mwambie nahodha Janeway alimpandisha Tuvok hukohuko, Paris naye hukohuko, kwahiyo mamlaka alikuwa nayo, na kijana alishika zamu ya usiku ya meli nzima, anakaa kiti cha nahodha, anatoa amri, asubuhi anarudi kuwa wa mwisho kwa cheo.

Haya, maswali, tuanze na dada pale mbele.