Siki ya epo ya kujitengenezea, na ile habari ya kitambi

Haya jamani karibuni jikoni, leo siki ya epo maana mmeniuliza wiki nzima, dada siki inaondoa kitambi kweli? Kitambi tutakifikia, kwanza tutengeneze. Na nyie wa Zanzibar, sisemi lile tufaa lenu la mti, nasema epo, iwe ya Njombe iwe ya Sauzi yoyote tu.

Chukua chupa ya kioo ya lita moja, mdomo mpana, ioshe na maji ya moto ikauke. Mimi natumia maganda na vile viini vya katikati ambavyo huwa mnatupa, ila palipooza kata kabisa. Jaza robo tatu. Maji yaliyochemka yakapoa, kila kikombe kimoja tia kijiko kimoja cha chakula cha sukari, na msiogope sukari, siyo ya kwako hiyo, ni ya hamira. Kwenye maganda kuna hamira ya asili, inakula sukari inatoa pombe, halafu wanakuja bakteria wanaigeuza pombe kuwa asidi, ndo ule ukali. Watu wametengeneza siki maelfu ya miaka bila kujua nani anafanya kazi humo ndani, mpaka mwanasayansi Pasteur kule Ufaransa miaka ya 1860 akaonyesha kuwa ni viumbe hai.

Mimina maji mpaka epo zizame, zinapenda kuelea kwa hiyo mimi nagandamizia kiglasi kidogo, ikibaki nje inaota ukungu. Funika na kipande cha kanga kuukuu na lastiki, siyo mfuniko wa bati, inataka hewa na asidi inakula bati. Weka kabatini, koroga kila siku na mwiko. Siku ya tatu ya nne utaona mapovu na harufu kama togwa lililopitiliza, usishtuke.

Baada ya wiki mbili tatu chuja, rudisha juisi, funika tena, subiri wiki nne hivi. Oneni hii, nauinua na kijiko, huu utando unavutika kama kamasi samahani kwa mnaokula, huyu ndo mama wa siki, msimtupe. Ila ukikuta manyoya ya kijani au meusi mwaga yote, usionje.

Sasa kitambi. Siki kama dawa ni ya zamani sana, Wagiriki wa enzi za Hippocrates, yule tabibu wao wa kale, waliichanganya na asali kwa ajili ya kifua, na sisi Waislamu tunajua Mtume aliisifia, lakini aliisifia kama kitoweo jamani! Huu wazimu wa siki ya epo na asali ulikolezwa na daktari mmoja wa Vermont, Marekani, D. C. Jarvis, na kitabu chake cha 1958. Na ule utafiti wa Lebanon wa 2024 uliosambaa kwamba vijana wamepungua kilo, jarida lenyewe limeufuta 2025. Kinachoonekana kwenye tafiti ndogondogo ni kwamba ukila siki pamoja na wanga, sukari haipandi sana baada ya kula, basi. Kama unatumia insulini, dawa za sukari au zile za kukojoza, muulize daktari kwanza.

Na msiinywe kavu. Mimi niliinywa kavu kila asubuhi mwezi mzima nikijiona mjanja, meno yakawa yanashtuka hata kwa chai ya vuguvugu. Kijiko kimoja, glasi kubwa ya maji, suuza mdomo, mswaki baadaye.

Achari ya kukaa miezi nunua siki ya dukani yenye asidi asilimia 5, hii yetu hatujaipima. Yangu yote inaishia hapa, kachumbari, kitunguu nimekifikicha na chumvi nikakiosha, nyanya, pilipili, siki vijiko viwili, pilau lile pale linaiva. Ngoja nionje… mmh. Naongeza kidogo.