Matuta ya Viazi Chini ya Mlima Slievemore

Hamjambo ndugu zangu. Leo nipo Achill, kisiwa kikubwa kuliko vyote vinavyoizunguka Ireland, huku magharibi, upande wa kaunti ya Mayo. Boti huhitaji, kuna daraja tangu 1887. Mnisamehe kwa kelele za upepo, unatoka baharini moja kwa moja na hakuna mti wa kuuzuia.

Huo nyuma yangu ni mlima Slievemore, mita 671. Nageuza kamera. Yale mawe mnayoyaona mguuni pa mlima ni nyumba. Ziko kati ya 80 na 100, zimefuatana kwa kilomita moja na nusu hivi, na hakuna hata moja yenye paa.

Ngoja niingie hii. Chumba kimoja tu. Kuta ni mawe matupu, yamepangwa yakashikana yenyewe. Upande wa juu walilala watu, upande wa chini ng'ombe, na hapa kulipita mfereji wa kutolea mkojo wa mifugo. Bibi yangu kule Makete naye alilala na mbuzi wake ndani, baridi ile mnaijua.

Lakini kilichonileta ni hiki hapa nje. Angalieni nyasi, jua likiwa chini hivi. Mnaona zilivyojikunja, juu, chini, juu, chini? Hayo ni matuta ya viazi. Mimi mtoto wa Njombe, tuta la viazi nalijua hata likifunikwa na majani ya miaka mia. Nimesimama juu yake nikashindwa kusema.

Udongo wa hapa ni mwembamba na umejaa maji, kwa hiyo waliuinua kwa jembe la mkono, wakaurutubisha kwa mwani waliobeba kutoka ufukweni. Wakulima wa aina hii walikuwa wapangaji. Ardhi ni ya kabaila, na kilichouzwa kilikwenda kwenye kodi. Kilichobaki mezani ni viazi, asubuhi na jioni.

Mwaka 1845 ugonjwa ukaingia. Wakulima wenzangu wa Njombe, ni ule ule baka jani wetu! Mvua zikizidi majani yanakuwa meusi, ukichimba kiazi kinanuka. Sisi tunapiga dawa. Wao hawakuwa na dawa, na ugonjwa ukarudi tena na tena. Ireland ilikuwa na watu zaidi ya milioni 8 mwaka 1841. Katika miaka ile ya njaa kama milioni moja walikufa, na milioni nyingine au zaidi wakapanda meli. Na bandarini zilikuwa zikipakiwa meli za nafaka na mifugo kwenda Uingereza. Hilo nimelisoma mara nyingi na bado moyo wangu unalikataa.

Kijiji hiki cha Slievemore hakikuhamwa kwa siku moja. Wengine walishuka kuishi karibu na bahari, Dooagh, penye samaki. Nyumba hizi wakazifanya kambi za kiangazi, vijana wakipanda na ng'ombe kuwalisha mlimani, mpaka ndani ya karne ya 20. Sasa wamebaki kondoo, na alama za rangi mgongoni kuonyesha mwenyewe ni nani.

Nimepima tuta hili kwa hatua zangu, ni pana kuliko letu. Mlioko Njombe, Makete, Mbeya, nitumieni picha za matuta yenu, nataka kuyaweka pamoja na haya. Mvua inakuja, nashuka.